Kuachishwa kazi: Haki, hati na tarehe ambazo Mkenya hafai kuzisahau

KENYA haina ofisi ambayo mtu aliyepoteza kazi anaweza kuingia, akajiandikisha na kuanza kulipwa posho ya kila mwezi hadi apate kazi nyingine. Swali hilo huulizwa kila kampuni inapofunga milango, na jibu lake halijabadilika.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, tena kinaitaka Serikali iwatunze wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Hata hivyo, haijatungwa sheria ya bima ya ukosefu wa kazi. Mshahara wa Mkenya hukatwa pesa za uzeeni, za afya na za nyumba, lakini hakuna hata senti moja inayowekwa kando kwa ajili ya siku atakapofutwa.

Majirani wa Tanzania walichukua njia nyingine. Kufuatia sheria ya mwaka wa 2018 iliyounganisha mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, mwanachama aliyechangia kwa angalau miezi 18 na akaachishwa kazi bila hiari yake hulipwa fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6.

Kwa Mkenya, kinachosimama mahali pa fao hilo ni malipo anayomdai mwajiri aliyemwondoa. Yamewekwa na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Malipo hayo hayaji yenyewe. Hudaiwa kwa makaratasi, nayo yana tarehe za mwisho, na ni rahisi kuyapoteza katika wiki za kwanza mtu akiwa bado ameduwaa, hajui aanzie wapi.

Sababu ndiyo hupima malipo

Jambo la kwanza la kutazama katika barua ya kuachishwa kazi ni sababu iliyotajwa. Mtu aliyepunguzwa kwa kuwa nafasi yake imeondolewa, aliyefutwa kwa kosa, na aliyejiuzulu mwenyewe, hawadai kitu kimoja hata kama walikaa dawati moja kwa miaka kumi.

Anayelindwa zaidi ni yule ambaye hana kosa lolote ila kazi yenyewe imekwisha, ama kwa sababu biashara imedorora, mashine imechukua nafasi yake au idara imefungwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amjulishe afisa wa leba wa eneo hilo pamoja na chama cha wafanyakazi, au mfanyakazi binafsi kwa maandishi ikiwa si mwanachama. Notisi hiyo hutolewa angalau mwezi mmoja kabla ya siku inayokusudiwa, na lazima ieleze sababu na idadi ya watakaoathirika.

Sheria haikutaja waziwazi urefu wa notisi kwa asiye mwanachama wa chama. Pengo hilo lilizibwa na Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2013 katika kesi iliyoihusu kampuni ya Thomas De La Rue, ilipoamua kuwa naye anastahili mwezi huo huo mmoja.

Notisi hiyo ya kwanza isichanganywe na ile ya kumaliza ajira, ambayo ni nyingine na ina mwezi wake, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Mwajiri anayewaita watu ukumbini Ijumaa alasiri na kuwapa barua za kutorudi Jumatatu huwa ameruka hatua ya kwanza, hata akiwalipa mwezi mzima papo hapo.

Mwajiri pia hachagui atakavyo watu wa kuondoka. Sheria inamtaka azingatie muda ambao kila mmoja amekuwa kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza kipimo gani kilitumika kumchagua yeye na kumwacha mwenzake, na ni bora aulize kwa barua.

Kisha ndipo huja hesabu. Aliyepunguzwa hulipwa siku alizofanya kazi katika mwezi wa mwisho, mshahara wa notisi, siku za likizo ambazo hakuzichukua, na malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Mkataba wa pamoja wa chama unaweza kuweka siku nyingi zaidi, lakini hauwezi kushusha kiwango hicho.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh45,000 kwa mwezi, aliyehudumu kwa miaka 9 na miezi 8. Miezi 8 ya mwisho haihesabiwi katika malipo ya kuachishwa kazi, kwa sababu sheria inataja mwaka uliokamilika. Mshahara wake ukigawanywa kwa siku 30, siku 15 ni Sh22,500, na kwa miaka 9 atapata Sh202,500.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Wapo waajiri wanaogawanya kwa siku 30 za mwezi, na wapo wanaogawanya kwa siku 26 za kazi. Ukitumia 26, mfanyakazi huyo atapata takriban Sh233,654. Tofauti ni zaidi ya Sh31,000, ambazo kwa aliyepoteza mshahara ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Mkataba wa ajira au wa chama ukitaja njia ya kugawanya, hiyo ndiyo ifuatwe.

Ile miezi 8 haipotei kabisa, kwani inahesabiwa katika likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka, na anayeondoka katikati ya mwaka baada ya miezi 2 au zaidi hudai siku 1.75 kwa kila mwezi. Ikiwa hakuchukua likizo yoyote mwaka huo, ana siku 14, ambazo kwa mgawanyo wa 26 ni kama Sh24,231. Ukijumlisha notisi ya Sh45,000, jumla yake ni Sh271,731 kwa hesabu ya kwanza ya malipo ya kuachishwa, au Sh302,885 kwa hesabu ya pili, kabla ya ushuru na mbali na siku alizofanya kazi mwezi huo.

Mwajiri aombwe karatasi inayoonyesha hesabu hiyo mstari kwa mstari. Jumla tupu iliyoandikwa chini ya barua haimwezeshi mtu kujua alichopunjwa.

Aliyefutwa kwa kosa, kwa uzembe au kwa kushindwa na kazi hapati malipo ya siku 15 kwa mwaka. Lakini hafutwi kimyakimya. Kifungu cha 41 kinataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Hata anayefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa hulipwa kila alichokuwa amechuma hadi siku hiyo, ikiwemo likizo.

Aliyejiuzulu hana malipo ya kuachishwa. Ndiyo maana barua ya kujiuzulu iliyochapishwa na ofisi ya wafanyakazi na kuletwa mezani isubiri sahihi ni ya kutiliwa shaka. Anayesukumwa kujiuzulu asitie sahihi siku hiyo. Na kama hana budi kuondoka kwa sababu mazingira yamekuwa hayavumiliki, aandike sababu hizo katika barua yake mwenyewe, kwa maana mahakama za Kenya zinatambua kuwa mtu anaweza kufutwa kazi kwa kulazimishwa kujiuzulu.

Kuhusu vibarua, kuna dhana kwamba hawana haki yoyote. Kifungu cha 37 kinasema vingine. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba na hustahili notisi. Akikosa karatasi, daftari la mahudhurio na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki ni ushahidi. Na penye mvutano kuhusu masharti ya kazi ambayo mwajiri alipaswa kuyaandika asiyaandike, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri.

Sheria hii haiwahusu wanajeshi, polisi wala askari wa magereza, ambao wana taratibu zao.

Sahihi ya mwisho

Katika safari yote ya kuachishwa kazi hakuna karatasi yenye hatari kuliko hati ya kukubali malipo ya mwisho. Kwa kawaida huwa ukurasa mmoja unaosema kwamba mfanyakazi amepokea kiasi fulani na hana dai lingine lolote dhidi ya mwajiri. Hutolewa pamoja na hundi, na mara nyingi kwa sharti kwamba bila sahihi hakuna hundi.

Mahakama ya Rufaa imeitazama hati hiyo kwa macho mawili. Katika kesi ile ya mwaka wa 2013 ilisema kuwa sahihi peke yake haimwondolei mwajiri lawama, na kwamba kila kesi ipimwe kwa hali yake. Lakini mwaka wa 2018, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Coastal Bottlers, mahakama iyo hiyo iliamua kwamba mfanyakazi aliyekubali malipo kwa hiari, akielewa anachokitia sahihi, amefungwa na makubaliano hayo na hawezi kurudi kudai zaidi.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kuwa hati hiyo haifai kusainiwa kwa haraka. Aombe nakala, aende nayo nyumbani, aipitishe kwa ofisa wa chama, wakili au mtu anayejua hesabu. Ikiwa shida ya pesa haimpi nafasi ya kungoja, basi aandike kwa mkono wake kando ya sahihi kwamba amepokea kiasi hicho huku akiendelea kudai kilichobaki, akitaja ni nini. Mwajiri anaweza kukataa karatasi yenye maneno hayo. Kukataa huko nako ni ushahidi, iwapo kutawekwa katika barua au barua pepe siku hiyo hiyo.

Ipo hati nyingine ambayo ni ya kudaiwa, si ya kuogopwa. Kifungu cha 51 kinamlazimisha mwajiri kutoa cheti cha utumishi kwa kila aliyefanya kazi angalau wiki 4 mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kuondoka, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia. Si barua ya sifa, kwa hivyo mwajiri hawezi kukizuia kwa kisingizio kwamba waliachana vibaya. Akikataa anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Kwa afisa wa leba na mahakamani

Mfanyakazi anayeamini kuwa amefutwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi 3 tangu siku aliyoondolewa. Huduma hiyo hailipiwi. Aende na kitambulisho, barua ya kuajiriwa, barua ya kufutwa, hati za mshahara za miezi ya karibuni na taarifa ya michango yake ya NSSF, ambayo pia huonyesha kama mwajiri alikuwa akiwasilisha makato.

Mbele ya afisa huyo mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha upande wowote, isipokuwa maofisa wa chama cha wafanyakazi au cha waajiri. Utaratibu huu humfaa mnyonge, kwa kuwa meneja na aliyekuwa mfagizi wake huketi meza moja na kuzungumza bila mabishano ya kisheria.

Afisa wa leba hupendekeza suluhu. Asiporidhika, mfanyakazi huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Anaweza pia kwenda huko moja kwa moja bila kupitia kwa afisa. Tangu mwaka wa 2018, mahakimu wenye cheo cha hakimu mkazi mwandamizi na zaidi wamepewa mamlaka ya kusikiliza kesi za ajira za wanaolipwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi, hatua iliyowapunguzia wengi nauli na muda wa kungoja.

Mfanyakazi huthibitisha kwamba alifutwa na kwamba haikuwa haki, naye mwajiri hulazimika kuthibitisha sababu. Akishinda, anaweza kupewa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Hicho ni kikomo, si kiwango cha kawaida. Mahakama hutazama muda aliohudumu, uwezekano wake wa kupata kazi nyingine, na mchango wake mwenyewe katika yaliyotokea.

Tarehe inayowaangusha wengi ni ya miaka 3. Kesi ya ajira isipofunguliwa ndani ya muda huo tangu siku ya kufutwa, hufa. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa. Rufaa za ndani hali kadhalika. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi waliosubiri kesi yao ya jinai imalizike kwanza ndipo wadai haki ya kazi. Iliamua kwamba muda ulikuwa umeanza kuhesabiwa siku walipofutwa, si siku walipoondolewa hatiani.

Kampuni ikifilisika hali huwa ngumu zaidi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka wa 2015 inaweka mishahara ya miezi 4 ya mwisho, kwa kiasi kisichozidi Sh200,000 kwa kila mfanyakazi, miongoni mwa madeni yanayotangulizwa gharama za ufilisi zikishalipwa. Mfanyakazi apeleke dai lake kwa maandishi kwa msimamizi wa mali mara tu anapotangazwa, asingoje kuitwa.

Akiba, bima na madeni

Wengi hukimbilia Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, wakidhani wataipata akiba yao. Hawaipati. Umri wa kustaafu ni miaka 60, na aliyeacha kazi anaweza kuchukua akiba kuanzia miaka 50. Aliyefutwa akiwa na miaka 35 hana cha kuchukua huko kwa sababu ya kukosa kazi pekee.

Mpango wa pensheni wa mwajiri ni tofauti. Anayeondoka kabla ya umri wa kustaafu huruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba, na iliyobaki hufungwa hadi wakati wake. Kanuni za kiasi hicho zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hivyo taarifa iliyoandikwa na msimamizi wa mpango ndiyo ya kutegemea, si ya mwenzake aliyeondoka miaka mitano iliyopita. Kinachochukuliwa mapema hukatwa ushuru. Mwenye uwezo wa kuvumilia aiache, au aihamishe katika mpango wa mtu binafsi.

Bima ya afya ndiyo inayosahaulika upesi zaidi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Makato hayo yakikoma, familia hubaki bila mchango. Aliyepoteza kazi anapaswa kupimwa upya mapato ya nyumba yake na kulipa mwenyewe, kiasi kisichopungua Sh300 kwa mwezi, tena kwa mwaka mzima kwa pamoja. Penye watoto wadogo au mgonjwa wa kisukari, pesa hizo zitengwe kutoka katika malipo ya kwanza kabisa.

Mwenye mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo awaandikie wakopeshaji kabla awamu ya kwanza haijakosekana, akiomba muda urefushwe. Katika chama cha akiba, anayenyamaza huwatwika wadhamini wake mzigo, na wadhamini hao mara nyingi ni wale wale waliofutwa pamoja naye.

Malipo ya kuachishwa kazi hutozwa ushuru wa mapato. Mwajiri atoe fomu ya P9 ya mwaka huo hata kama mfanyakazi aliondoka Februari, kwa sababu itahitajika kuwasilishia Mamlaka ya Ushuru, KRA, mapato yake kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ikiwa mwaka mzima umepita bila mapato yoyote, bado anapaswa kuwasilisha fomu ya kuonyesha hivyo, la sivyo faini ya kuchelewa haipungui Sh2,000.

Ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, inayosajili wanaotafuta kazi. Kujiandikisha huko hakuleti posho, ila humweka mtu katika orodha ambayo waajiri wanaweza kuitumia. Anapoanza kutuma maombi, asikubali kugharimika kutafuta vyeti vya polisi, vya KRA, vya HELB na vya taasisi nyingine ili tu aitwe kwenye mahojiano. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti hivyo kabla hajakusudia kumpa mtu mkataba. Hadi hapo, kitambulisho, vyeti vya masomo na kile cheti cha utumishi vinatosha.